Patani ya Gauni la Pini

4 Februari

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Naanza na wewe kwanza: goti linasemaje, macho yanasemaje, na yule paka, bado anadhani kikapu cha vitambaa ni kitanda chake? Mjomba naye mwambie nimepata salamu zake, na kwamba sijanenepa wala sijasahau lugha, kwa hiyo aache kuuliza.

Mimi sijambo. Kiwandani tunashona sare za wafanyakazi wa hoteli, na mimi kutwa nzima niko mbele ya kompyuta nachora patani. Siku hizi karatasi za kukatia hazichorwi kwa mkono huku. Zinachorwa kwenye mashine, kisha zinachapishwa. Najua umeshakunja uso, ukunjue.

Sasa jambo lenyewe. Mimi na mwoka mikate wangu tumepanga tufunge ndoa mwisho wa Juni. Anakusalimu sana, ingawa ana haya za mtoto wa kike na alitaka nisimtaje. Gauni nataka ulishone wewe, Mama Mkubwa. Mafundi wako wengi huku, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunivua gauni lenye pini kwa kulipitisha kichwani huku nikilia na pipi mdomoni.

Najua wewe hukata kwa chaki na jicho. Lakini jicho lako halijaniona tangu tulipomzika Mama, na mtu hubadilika. Kwa hiyo nimejipima mwenyewe mbele ya kioo, kila kipimo mara tatu, nikachora patani kamili ya mwili wangu. Nimeituma kwenye barua pepe ya Bwana Wino, pale kwenye duka lake la fotokopi. Ni karatasi nyingi za kawaida, unaziunganisha kwa utepe wa gundi, kona kwa kona, kila kona ina herufi yake. Ukimaliza utakuwa nami mzima juu ya meza yako.

Naomba sana ichapishwe vizuri, bila haraka. Na naomba jibu la swali moja tu: harusini utakuja?

Pini wako


19 Februari

Kwa Pini, mwokota pini zangu zote tangu hajajua kusoma,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika ikiwa na alama ya unga kwenye bahasha, nikajua mwoka mikate ndiye aliyeipeleka posta. Mwambie ameshaanza vizuri.

Sisi hatujambo. Goti linajua mvua kabla ya redio. Paka amezaa kwenye kile kikapu, juu ya bitana ya koti la mwenye duka la dawa, na sasa kila mteja akija anauliza watoto wa paka kabla ya kuuliza nguo yake. Mjomba wako ameanza kufuga kuku watatu na anawataja kama ukoo.

Habari ya harusi nimeisoma mara nyingi. Nilipomaliza niliifunua cherehani, nikaipangusa, nikaitia mafuta, na wala sikuwa na kazi ya kushona siku hiyo. Mama yako angekuwepo angetaka rangi yenye kelele, nasi tungegombana. Nimefurahi hadi nimemjibu Mjomba wako kwa adabu, naye akaniuliza kama naumwa.

Ila karatasi zako, mwanangu, ni kitendawili. Nilikwenda kwa Bwana Wino nikiwa nimevaa miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani. Akaifungua barua yako, akabonyeza, duara likazunguka na kuzunguka, kisha kompyuta ikaandika kwamba faili limeharibika na haliwezi kufunguka. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, nikamwambia huo si mlango. Kesho yake lilifunguka, lakini kurasa zilikuwa nyeupe pe, kama shuka. Bwana Wino anasema kosa liko kwako. Mimi nikamwambia mtoto wangu hakosei, kisha nikaja nyumbani kukuuliza kama umekosea.

Kwa nini usinitumie vipimo tu, kifua hiki, kiuno hiki, mambo yakaisha?

Kuhusu kuja huko, safari ya siku mbili na goti hili, tutaona. Kitambaa nimeshakipata, cheupe kisichong'aa sana. Kizuri mno.

Mama Mkubwa


6 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hongera ya wajukuu wa paka. Mwenye duka la dawa akikosa bitana mwambie achague mtoto mmoja.

Nimecheka peke yangu kwenye basi kwa ajili ya miwani miwili. Sasa msomee Bwana Wino haya, taratibu, na umwambie simlaumu.

Kwanza, faili halikuharibika, halikufika lote. Intaneti ilikatika katikati ya kulipakua, likabaki kipande, na kipande hakifunguki. Alifute hilo la zamani, alipakue upya, asubiri hadi liishe kabisa ndipo abonyeze. Pili, zile kurasa nyeupe: amelifungulia ndani ya kile kidirisha cha intaneti, na mistari yangu ni myembamba, kwa hiyo haikuonekana. Aliweke kwanza kwenye kompyuta, kisha alifungue kwa programu ya kusomea nyaraka. Mistari itatokea.

Vipimo vitupu sikutumii kwa sababu gauni lina mikunjo kifuani inayopishana, na namba haziwezi kukueleza inavyopishana. Na pia, basi tu, napenda uwe na patani yenyewe. Nifanyie hilo.

Hapa kwema. Nimepewa ruhusa ya siku chache kazini, nipumzike. Joto la huku limezidi, linachosha watu.

Hukunijibu, Mama Mkubwa. Goti linakaa kwenye kiti cha basi kama watu wengine wote. Utakuja?

Pini


25 Machi

Mwanangu,

Sikusalimu sana leo, utanisamehe. Wote wazima hapa, kuku wa Mjomba pia.

Bwana Wino alifanya yote uliyosema na mistari ikatokea. Alichapisha zote, akazifunga kwa mpira, akazileta mwenyewe hadi mlangoni maana nilikuwa na wateja. Wateja walipoondoka nilifuta meza ya kukatia, nikazipanga, herufi kwa herufi, nikazibandika. Ilikuwa kazi nzuri. Nilikuwa naimba. Ulianza kutokea kipande kwa kipande, bega, kwapa, kiuno, nami nikawa nasema peke yangu, karibu mwanangu, karibu.

Kisha nikachukua tepu.

Pini, mimi sijasoma sana, lakini mwili wa mtu naujua kwa tepu kama wengine wanavyomjua kwa sauti. Nilipima kifua, nikadhani nimekosea. Nikapima kiuno, nikakaa. Nikapima bega hadi bega, mkono, mgongo. Kila mahali umepungua. Gauni uliloondoka nalo baada ya mazishi nililishona mimi, na vipimo vyake viko kichwani mwangu hadi leo. Huyu aliye mezani kwangu si yule.

Mwaka ule wa mwisho nilipunguza nguo za mama yako, nikazipunguza tena, na tena. Kila mara aliniambia ni joto. Joto, dada, joto linamaliza watu. Nami nikaweka pini, nikapunguza. Hata mgongo wake ulifupika kwa kuinama. Sasa nasoma barua yako ya mwezi huu na neno ulilonichagulia ni lile lile. Joto, na ruhusa ya kupumzika. Wewe ambaye ulikuwa unakwenda kazini na homa.

Nilikupigia simu siku ile ile. Unakumbuka ulivyonijibu? "Niko sawa Mama Mkubwa, mtandao mbaya, nitakuandikia." Ndiyo maana mimi sipendi simu. Kwenye simu mtu anasema niko sawa kwa pumzi moja na mambo yameisha. Kwenye barua itabidi uketi uliandike neno hilo kwa mkono wako, nami nitauangalia mkono.

Kwa hiyo keti uandike. Unaumwa?

Kitambaa sijakigusa.

Mama Mkubwa


14 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Nimechelewa kujibu, kazi ilinibana.

Tafadhali usilie juu ya karatasi. Karatasi zimekudanganya, na nadhani namjua aliyezituma zidanganye.

Muulize Bwana Wino ulipo ukurasa wa kwanza. Niliuandikia maelezo yote, na chini yake nikachora kiboksi kitupu. Hicho kiboksi si pambo. Kila upande wake ni sentimita kumi kamili. Kwenye kazi yetu hatukati uzi kabla ya kukipima, kwa sababu printa nyingi zina tabia ya kupunguza ukurasa ili uingie wote kwenye karatasi bila kukatwa pembeni. Anayechapisha barua haoni tofauti. Anayechapisha patani anapata mtu mdogo.

Angalia, Mama Mkubwa. Ulisema kila mahali nimepungua, hadi mgongo. Mtu akikonda, kiuno hupungua, sawa. Lakini umbali wa bega hadi bega unapunguaje kwa kiasi kile kile? Mkono unafupikaje? Wewe ni fundi. Ungeletewa nguo ya mtu mwingine ungeliona hilo kabla ya kuvaa miwani.

Basi afanye hivi. Akishabonyeza pa kuchapisha, kabla hajakubali, kuna mahali pa kuchagua ukubwa. Pameandikwa itoshee ukurasa, au neno kama hilo. Aondoe hapo, achague ukubwa halisi, yaani asilimia mia. Kama printa yake ina mpangilio wake wa kupunguza, auzime nao. Kisha achapishe ukurasa wa kwanza peke yake, mpime kiboksi. Kikiwa kumi kwa kumi, aendelee. Kikipungua hata kidogo, asimame. Na karatasi iwe ile ile ya kawaida, isiwe ile ndefu anayotumia kwa mikataba. Kama herufi za kona zitatoka kama vidoa vyeusi, achague kuchapisha kama picha.

Nadhani nimemaliza yote. Mwambie Bwana Wino nampenda hata hivyo.

Mwoka mikate anakusalimu. Amejifunza kukaanga mayai bila kuyaunguza, jambo ambalo kwa mwoka mikate ni aibu kulitangaza.

Pini


29 Aprili

Kwa Pini wangu,

Marahaba, nimeipokea pole yako.

Nilikwenda kwa Bwana Wino na barua yako mkononi kama askari wa mahakama. Nikamuuliza, ukurasa wa kwanza uko wapi? Akaniambia kwa fahari kabisa, "Dada, ule ulikuwa na kiboksi kitupu, nikaona ni hasara ya karatasi, nikauruka." Nikamuuliza, na kupunguza je? Hapo ndipo alipokaa wima. Anasema printa yake ameiwekea mpango huo tangu alipofungua duka, wala hajawahi kuuondoa, kwa sababu hakuna mteja wake hata mmoja aliyewahi kutoka pale na barua iliyokatwa pembeni. Kumbe ni adabu yake ya kazi. Amewapunguza watu wa mtaa huu wote, na vyeti vyao, na wasifu wao, na kila mmoja ametoka akishukuru.

Nilimweleza alichonifanyia. Alivua miwani, akaniomba radhi mara nyingi hadi nikamwonea huruma. Tukauondoa ule mpango pamoja. Ukurasa wa kwanza ukatoka, nikaweka tepu juu ya kiboksi, kumi. Nikazungusha, kumi. Nikamwambia endelea.

Nimekubandika upya. Sikuimba, niliogopa kuimba. Nilipomaliza nikapima, na wewe ni yule yule, Pini. Mnene kidogo wa nyonga, mikate hiyo. Bega la kushoto limeshuka kama la mama yako, sijawahi kuliona kwako, labda ulikuwa bado unakua. Nililia, kisha nikacheka, paka akaondoka na watoto wake. Fundi mzima, nilisahau kwamba mkono haufupiki. Hofu ilinivua ufundi wote.

Ningefunga barua hapa ningekuwa mtu mwenye raha. Lakini nimekula chumvi nyingi na nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Mimi nilikuuliza neno moja: unaumwa? Wewe umenijibu kuhusu printa. Umenijibu kuhusu kiboksi, kuhusu karatasi ndefu, kuhusu vidoa vyeusi, kuhusu mayai. Umenionyesha vizuri kabisa kwamba karatasi imedanganya. Hukuandika popote kwamba wewe ni mzima. Mtoto niliyemlea huwa anaanza na "mimi sijambo" kabla hata ya koma. Tafuta kwenye barua yako uone kama lipo.

Na mkono wako, mwanangu. Mistari inapanda kama mtu aliyeandika amelala.

Wahenga walisema mficha maradhi, nami sitaimalizia kwa sababu unaijua. Usinipige chenga tena. Gauni halitakatwa hadi unijibu, na Juni haimsubiri mtu.

Mama Mkubwa


17 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Ndiyo, naumwa.

Nimeandika hilo kwanza ili nisirudi tena kwenye printa. Siku ile nilipojipima mbele ya kioo, nilipozungusha tepu kifuani, kidole changu kiligusa kitu upande wa kushoto. Kidogo, kama punje ya njegere, kigumu. Nilipima tena nikiamini ni pindo la sidiria. Ndiyo maana kila kipimo nilikichukua mara tatu. Nilikuambia ni kwa umakini.

Sikwenda hospitali siku hiyo. Nilikaa kwenye kompyuta nikachora patani. Niliichora haraka, bila kula vizuri, na mwoka mikate akadhani ni hamu ya harusi. Nilitaka iwepo mahali fulani karatasi yenye mimi mzima, kabla hawajanigusa, na mahali hapo pawe kwako. Ndiyo maana sikutaka kukutumia namba. Ndiyo maana nilisumbua watu kwa habari ya ukubwa. Wewe uliniona mdogo ukalia, na mimi niliposoma barua yako nililia zaidi, kwa sababu ulikuwa umekosea karatasi lakini hukukosea mtu.

Ruhusa ya Machi ilikuwa ya vipimo. Mwezi wa Aprili wamenifanyia upasuaji, na ile barua niliiandika kitandani, umeona vizuri. Wametoa kivimbe na sehemu iliyokizunguka. Majibu yametoka wiki hii. Ni ugonjwa ule wa Mama. Lakini daktari amesema maneno ambayo Mama hakuwahi kuambiwa: tumewahi. Alirudia nilipomwomba arudie. Naanza dawa mwezi ujao, na zitanichosha, na nywele huenda zikaondoka. Harusi tumeisogeza hadi nitakapoweza kusimama muda mrefu. Mwoka mikate hakubishana wala hakutoa hotuba. Alikwenda akanunua kiti chenye mgongo mzuri, akakiweka jikoni karibu na anapokandia unga, na kila siku ananiambia nikae hapo nimsimamie kazi.

Usikate kitambaa, Mama Mkubwa. Upande wa kushoto hautakuwa ule wa kwenye karatasi, na sijui bado utakuwaje. Najua umekipenda kitambaa hicho. Kikunje, ukitie mahali panya hawafiki.

Nilikuficha kwa sababu ulishapunguza nguo za mtu mmoja wa nyumba hii, sikutaka ushike tena pini hizo. Na swali langu la kuja nimeacha kuuliza. Najua jiji hili limekufanyia nini. Sikuulizi tena.

Naogopa kidogo. Nikikuandikia naogopa kidogo zaidi, halafu napata nafuu.

Pini


2 Juni

Mwanangu, mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na sikukumbuka kuingia ndani. Mjomba wako alinikuta hapo, akaichukua, akaisoma, akaenda kukaa na kuku wake kwa muda mrefu. Alirudi akasema, "Huyo mtoto ana akili kutuzidi, amewahi." Kisha akaniuliza nitaondoka lini, kana kwamba tulishazungumza.

Sikukujibu miezi yote hii, nawe hukunijibu. Tumefanana. Goti langu halina kosa, linapanda basi vizuri tu. Nilimsindikiza mdogo wangu hadi kituoni akija huko kwa matibabu. Nilimpa mkoba, nikamfunga vifungo vya koti, nikamwambia nitakuja ukishapata nafuu, sasa nina kazi za watu. Nilimpokea pale pale, na hakurudi kwa miguu yake. Tangu siku hiyo kila nikisikia jina la mji wako mwili unaniambia ukikaa mbali hakuna atakayerudishwa. Ni ujinga, najua. Lakini nimeuishi.

Sasa nimeona ujinga mkubwa zaidi, wa kukaa huku na karatasi yako mezani na wewe mwenyewe uko huko kwenye kiti cha jikoni.

Tiketi imekatwa. Watu wa basi waliituma kwenye simu ya Mjomba, nikaipakua mwenyewe, nikangoja duara lizunguke hadi mwisho bila kubonyeza kitu, nikaenda kwa Bwana Wino akaichapisha. Alipima jina langu kwa rula, maskini. Nilipomwambia naenda wapi na kwa nini, alikataa malipo, akaniongezea na bahasha. Nitafika tarehe kumi na moja, asubuhi. Usije kituoni, unalala vibaya siku hizi, naujua mkono wako. Mtume mwoka mikate, nitamtambua kwa unga.

Nakaa hadi dawa ziishe. Usiniambie habari ya kazi zangu. Wateja nimewagawa kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara ambaye miaka yote nimekuwa nikisema hajui kutoboa tundu la kifungo. Anajua. Cherehani ya mkono nakuja nayo, na kitambaa, na mkasi. Ukitapika nitashika beseni, ukilala nitashona pembeni yako, na nywele zikitoka nitakushonea vilemba hadi ukasirike. Ukitaka kuogopa, utaogopa nikiwa chumba kile kile, na mimi nitaogopa na wewe, halafu tutakunywa chai.

Usijipime tena. Usichore kitu. Ile patani ndogo, ya kwanza, nimeiwashia jiko. Hii kubwa nimeikunja polepole na kuiweka kabatini pamoja na nguo za mama yako, ikae hapo, si ya kukatia. Gauni nitalikata kwa mwili utakaonifungulia mlango.

Mama Mkubwa wako